Hereni za Fundi wa Kiganjo

Huku Kiganjo ukitaja Fundi, mtu atakuuliza fundi yupi, maana mafundi wa nguo ni wengi, kila ploti ina wake. Basi unashika ncha ya sikio lako na vidole viwili, hivi, na mtu anajua. Jina halihitajiki. Hata mimi sitalitaja hapa, na ukweli ni kwamba kwa miaka mingi sikulijua. Mwanamke huyu alikuwa Fundi tu. Binti yake alikuwa binti ya Fundi, na paka aliyelala juu ya vitambaa alikuwa paka wa Fundi.

Naanza na hereni kwa sababu hakuna mtu aliyeanza kumwangalia mahali pengine. Zilikuwa za dhahabu ya zamani, si hii ya siku hizi inayong'aa kama kifuniko cha soda. Ile ilikuwa imekolea, rangi ya asali nzito. Kila hereni ilikuwa ua, lenye majani sita membamba, na aliyelitengeneza alikuwa na subira, maana kila jani alilichora mishipa midogo, ukikaribia unaiona. Katikati kulikuwa na jiwe. Mimi nililiita jiwe la bluu kwa muda mrefu, ingawa si bluu kamili, ni bluu iliyotiwa kijani kidogo. Ncha ya kila jani ilikuwa na punje nyeupe, na punje nyingine kubwa kidogo ilining'inia chini kama jino la mtoto. Ya kushoto ilikuwa imepoteza punje moja ya ncha, imebaki na tano. Usipoambiwa hutaona. Mimi sikuambiwa, niliona mwenyewe, na hapo unaweza kujua nilikuwa naziangalia kiasi gani.

Siku moja alikuja mzee wa Kihindi aliyewahi kuwa sonara mjini Thika, ameleta suruali ipunguzwe miguu. Akavaa miwani, akainama kwa sikio la Fundi kama daktari. Akasema jiwe hilo ni feruzi, na hizo punje ni lulu za baharini kabisa, na kazi ya namna hiyo haifanywi tena, waliojua kuifanya walishakufa. Nilikuwa nimesimama hapo na debe la viazi mkononi. Nilitamani sana asingesema. Jiwe la bluu ningeweza kuvumilia. Feruzi sasa ilikuwa kitu kingine.

Niseme mapema nilikuwa na wivu, ili usije ukanishika mbele ukasema nilificha. Nilikuwa nauza mboga. Kutoka kibanda changu mpaka mlango wa Fundi ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Miaka ishirini na mbili nimepanga sukuma wiki, nimekatakata kabichi, nimepima viazi, na kila nikiinua kichwa naona masikio ya mtu mwingine. Asubuhi jua likitokea upande wa Kamenu linaingia dukani kwake moja kwa moja, linagonga yale maua mawili, na yeye ameinama kwa cherehani hata hajui. Hicho ndicho kilinichoma zaidi. Mtu ana kitu kama hicho na hajui saa ile kinawaka.

Uso wake haukuwa mzuri, wacha niseme. Pua pana, meno yameachana, na alikuwa mfupi hata kiti cha cherehani kiliwekewa mto. Nilikuwa mrefu kumshinda, na shingo yangu, hata mume wangu aliisifu, na yeye si mtu wa kusifu. Nilikuwa nawaza hereni hizo zingekuwa na akili zingejua zimekosea shingo.

Sasa tabia zake. Alikuwa anaongea na pini mdomoni. Pini sita, saba, zimebanwa na midomo, na maneno yanatoka pembeni, na hakuwahi kumeza hata moja. Watoto walikuwa wanasimama mlangoni wakingoja ameze. Alikuwa mwongo pia, lakini uongo wa mafundi, ule wa siku. Kila nguo ilikuwa tayari Alhamisi. Ukienda Alhamisi anakuangalia kama wewe ndiye umekosea kalenda.

"Nilisema Alhamisi gani?"

"Hii, Fundi."

"Aai. Hii sikuitaja. Rudi Alhamisi."

Na watu walirudi! Mimi nikiuza nyanya moja imeguswa, mtu anapiga kelele mpaka barabarani. Yeye anaharibia mtu wiki tatu na wanamletea ndizi.

Alikuwa mchoyo wa uzi. Akishona, kile kipande cha uzi kinachobaki, kirefu kama kidole, alikuwa anakizungusha kwa kijiti na kukihifadhi. Vifungo vya shati lililokufa alivikata kabla hajaligeuza kitambaa cha kupangusia. Ukimwomba sindano anakwambia keti hapa ushonee hapa, ili asiiache iende. Lakini mwanamke huyohuyo, anayekunyima sindano, ndiye aliyekuwa anatoa dhahabu masikioni na kumpa msichana hata hamjui ukoo.

Hiyo ilikuwa desturi yake na sijaiona kwa fundi mwingine, si Thika, si Ruiru. Bibi harusi akija Ijumaa kuchukua gauni la mwisho, amejaribishwa, pindo limetosha, Fundi anamkalisha kwa stuli. Anatoa hereni zake, moja, mbili, anazipangusa na pamba yenye spiriti, anamvisha. Hamuulizi kama anataka kununua, hamwandikishi popote. Anamwambia tu, "Jumatatu." Na Jumatatu zinarudi. Wikendi yote Fundi mwenyewe anatembea na vijiti vya fagio kwenye matundu, ili yasizibe, na anaenda kanisani hivyohivyo, vijiti vimetokeza kama antena. Ukiona vijiti unajua mahali fulani kuna harusi.

Kulikuwa na sharti moja. Lazima uombe. Yeye hakuwahi kumwambia mtu chukua. Kuna msichana mmoja wa magharibi, alikuwa anafanya kazi kiwandani, mpole sana, alikaa pale kwa stuli karibu saa nzima akiziangalia, na hakusema, na Fundi hakusema, na msichana akaolewa masikio matupu. Nilimuuliza Fundi, wewe uliona anataka, kwa nini ukamwacha?

"Mimi naweza kuingia kwa kichwa ya mtu nijue iko nini? Ana mdomo. Aniambie."

Nilimwona mkatili siku hiyo. Bado namwona mkatili kidogo.

Kuhusu zilikotoka, kila mtu alikuwa na hadithi yake, na zote zilitoka kwa Fundi mwenyewe. Mama mmoja aliambiwa zilitoka kwa mke wa tajiri aliyehama nchi, Fundi alimshonea nguo za safari mbio mbio na yeye akashukuru nazo. Mwingine aliambiwa ni za nyanya ya mume wa Fundi. Mimi nilisikia ile ya koti. Ati alinunua koti la mtumba, zito, la baridi ya ulaya, akalifumua kulipunguza, na ndani ya pindo, zimeshonewa kwa mkono na uzi mweusi, akazikuta. Nilipenda hiyo, halafu ikanitesa. Kwa sababu siku hiyo ya makoti tulienda sokoni pamoja. Mimi nililishika lile koti kabla yake. Au nililishika lingine linalofanana. Nililirudisha nikasema ni zito.

Nikamuuliza uso kwa uso, "Fundi, sema ukweli, ni koti ama ni yule tajiri?"

Akatoa pini. "Wewe unapenda gani?"

"Nataka ya ukweli."

"Hiyo haiko kwa bei yako, Mama Njoki." Akacheka na meno yake yaliyoachana, akarudisha pini.

Mchungaji mmoja mgeni aliwahi kumwambia asishiriki meza ya Bwana akiwa na mapambo. Fundi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Sawa, Mchungaji. Toa saa yako, mimi nitoe hizi, tuje wote bila kitu." Saa ya mchungaji ilikuwa kubwa. Kanisa lilikohoa kwa pamoja. Alishiriki.

Mimi singeweza kusema hivyo, na sasa lazima nieleze kwa nini, samahani naenda kando kidogo. Mama yangu alikuwa na masikio ya kitambo, yale ya wazee wetu, matundu makubwa ya kupitisha kidole gumba. Alipookoka alienda hospitali ya misheni akashonwa. Alibaki na mikunjo miwili kama kitovu. Akaapa hakuna msichana wake atakayetogwa. Tulikuwa wasichana watano, masikio matano mara mbili, mazima kama siku tuliyozaliwa. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hivyo vitu vingi nilivyoamini ni vile mama alisema, na niliviamini kabisa. Nikawa ndugu wa wokovu na mimi. Katika ushirika wa akina mama, Jumatano, nikisimama kushuhudia, somo langu lilikuwa dhahabu ya dunia. Nilikuwa nalitoa vizuri, wengine walilia. Nilisema shetani anaingilia sikio. Nilisema nampa Bwana sifa kwa kuwa sina kishimo hata kimoja mwilini mwangu alichokitoboa mwanadamu. Halafu narudi kibandani, naketi, nainua kichwa, na jua limefika kwenye feruzi.

Binti yangu Njoki alitogwa na Fundi akiwa na miaka kumi na nne, kwa sindano na uzi, bila mimi kujua. Nilipoona nyuzi mbili nyeusi masikioni, nilivuka zile hatua kumi na mbili kama mtu anayeenda kortini.

"Ulimgusa mtoto wangu?"

"Aliniomba," Fundi akasema.

Na Njoki aliolewa akiwa amevaa zile hereni, kanisa zima likasema haiya, maua! Nilikuwa nimeketi kiti cha mbele, mama ya bibi harusi. Kila mtu alinipa pongezi, mimi naona tu jinsi mtoto alivyogeuza kichwa, akatafuta watu, macho yake yakapita yangu yakaenda kwa yule mfupi nyuma mwenye vijiti vya fagio. Akamchekea. Mimi alikuwa ameshanichekea asubuhi, nakubali. Lakini ile ya Fundi ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa tufike harusi yangu. Usicheke. Mimi na Baba Njoki tulikaa pamoja miaka thelathini na moja bila kubariki ndoa. Tulitoka kwa wazazi kwa heshima, mbuzi zilienda, lakini kanisani hatukufika, kwanza hakukuwa na nafasi, halafu kulikuwa na watoto, halafu tukazoea. Mchungaji wetu akasema wazee wote walio hivyo waje wabarikiwe siku moja, ndoa sita. Mimi kiongozi wa akina mama nikiwa wa kwanza kwa orodha. Suti ya rangi ya krimu ningeshonewa na nani? Na Fundi. Nilivuka barabara.

Alinipima. Alikuwa na adabu moja nzuri, hakutaja kiuno cha mtu kwa sauti, alikiandika tu. Akamaliza, akaniangalia shingo, akaniangalia masikio.

"Na hapa?" akauliza.

"Sisi hatuvai."

"Sawa."

Ni hivyo tu! Sawa. Nilingoja aseme, lakini Mama Njoki, ni siku moja tu. Nilingoja aseme hata Bwana ataelewa. Ningekataa mara mbili, ya tatu ningenyamaza. Alifunga kile kitabu chake na kuanza kutafuta makasi.

Wiki moja kabla ya siku, nilishuka Thika mjini nikaenda kwa vibanda vya urembo nyuma ya soko, mahali ambapo mtu wa kanisa letu haendi. Msichana wa kucha ndefu akashika ile bastola ya kutogea.

"Shosho, ni wewe ama ni mjukuu?"

"Ni mimi. Piga."

"Shosho uko na form!" akanisifu, na akapiga.

Nilifunga kitambaa kichwani mpaka nyusi. Nilikuwa nimepanga akilini. Siku ya kujaribu suti ningetoa kitambaa polepole, Fundi angeona, angesema mwenyewe, haya basi, na ningekuwa sikuomba. Ningezivaa, na mdomo wangu ungebaki safi mbele ya ushirika. Ningeweza hata kusema nililazimishwa.

Siku ya nne masikio yalifura. Siku ya tano yalikuwa kama maandazi. Nilioga na maji ya chumvi, nikapaka majani ya kitu niliambiwa, yakawa mabaya zaidi. Ijumaa nikaenda kujaribu suti nikiwa na homa, kitambaa kimebana. Fundi akataka kuona kola inavyokaa, akainua kitambaa bila kuuliza. Akatoa pini zote mdomoni, akaziweka mezani moja moja.

"Mama Njoki. Hii ni nini?"

"Mbu."

"Mbu wawili? Huku na huku, mahali pamoja?"

"Mbu wa siku hizi ni wabaya."

Hakucheka. Ningefurahi angecheka. Alichemsha maji, akanisafisha na pamba, mikono yake ikiwa miepesi kushinda nesi, na mimi nimefumba macho, na hereni zinagongagonga karibu na uso wangu, nazisikia kabisa, mlio mdogo sana. Akasema, "Ungeniambia mapema ningekutoga na sindano na uzi, saa hii yamepona. Siwezi kukuwekea kitu hapa. Utaoza."

"Nani amekuomba?"

"Hakuna."

"Mimi sitaki vitu vyako."

"Sawa, Mama Njoki."

Hiyo sawa yake ya pili ndiyo ilinitoa akili. Nikasema neno nililokuwa nalo tumboni miaka yote. Nikasema, "Hata hizo ni za wizi. Kila mtu Kiganjo anajua. Mtu hana hadithi moja, ana tatu, huyo aliiba." Wateja wawili walikuwa pale mlangoni. Walisikia.

Alirudisha pini mdomoni. Akapiga magoti akanimalizia pindo. Vidole vyake havikutetemeka, niliangalia.

Kesho yake, siku ya kubarikiwa kwetu, alikuja kanisani. Nilidhani hatakuja. Aliketi mstari wa pili, mavazi ya kawaida, na hereni masikioni, na mpiga picha alikuwa mjinga au alikuwa na macho, sijui. Picha yetu kubwa iko ukutani kwangu mpaka leo. Mimi na Baba Njoki katikati, mimi nina kitambaa kama mgonjwa wa jino, na nyuma ya bega langu la kushoto kuna maua mawili yamewaka. Mgeni akiingia nyumbani kwangu, haulizi kuhusu suti. Anauliza, na huyu ni nani?

Niliamini alikuja nazo makusudi, kunikomoa. Niliamini hivyo miaka saba. Hatukugombana tena, tulisalimiana habari, mzuri, basi. Alinunua mboga kwa mwingine, mimi nikapeleka nguo kwa mwingine, na huyo mwingine aliniharibia kila kitu. Baadaye miguu ya Fundi ikaanza kufura, cherehani ikawa taabu, binti yake akamchukua akakae naye Ruiru. Duka likawa la kuchaji simu na kuuza laini. Ungefikiri ningepumzika. Nilikuwa nainua kichwa kutoka kwa kabichi na kuangalia kijana amelala juu ya kaunta, na ninaona wivu bado, sasa na watu wa Ruiru.

Mwaka huu, wakati wa mvua ndefu, mama mmoja aliyeolewa na hizo hereni zamani alisimama kibandani akaniambia, akichagua hoho, kwamba Fundi anagawa vitu vyake. Cherehani imeenda. Na hereni anazipeana kwa wanawake wa kanisa la huko Ruiru, zikae kwa katibu wao, zivaliwe na bibi harusi yeyote atakayeomba.

"Ruiru?" nikasema. "Na sisi huku?"

"Ah, Mama Njoki, si wewe ulikuwa unazikemea?"

Nilimpa hoho na sikumwongeza hata moja.

Sitadanganya kwamba nilienda kumwona mgonjwa. Nilibeba maparachichi na unga wa wimbi kama mtu anayeenda kumwona mgonjwa, lakini nilienda kuona hereni. Nilishuka Ruiru, nikachukua boda boda mpaka kwa binti yake, ploti ya mawe ambayo bado haijapakwa rangi. Fundi alikuwa ameketi uani juani, miguu juu ya ndoo iliyofunikwa, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule. Niliangalia masikio kabla ya uso. Yalikuwa matupu. Hata vijiti hakuna. Tundu la kushoto lilikuwa limekatika kwa uzito wa miaka, limefika chini kabisa.

Nimechelewa, nikajua.

"Mama Njoki wa Kiganjo," akasema. "Umekonda. Nani anakushonea? Hiyo kola imepinda."

"Ni mtu tu."

"Mwambie aache kazi."

Tukaketi. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu Baba Njoki na mgongo wake, kuhusu Njoki na watoto. Binti yake, mwanamke mkubwa sasa, anafundisha chekechea, alituletea chai kwa chupa kubwa, akaweka vikombe, akarudi kufua. Mimi nikashindwa kunywa.

"Fundi," nikasema, "nilisema ziliibwa."

"Ulisema."

"Haikuwa kweli. Sijui ukweli, lakini niliyosema haikuwa kweli."

"Wewe angalau ulisema nikiwa hapo. Wengine walingoja nifunge duka." Akanyoosha mguu. "Ulikuwa na homa."

"Kwa nini ukaja nazo kanisani?"

Aliniangalia kama hajaelewa. "Zilikuwa masikioni, Mama Njoki. Ningeziweka wapi?"

Miaka saba. Nilikuwa nimebeba hiyo kitu miaka saba, na mtu hakuwa hata na nia.

Akaita binti yake alete lile kopo la vifungo. Akamwaga vifungo mapajani, vya kila rangi, akachambua na kidole, na hizo hapo. Nilidhani zingekuwa ndogo, maana vitu ulivyotamani zamani huwa vidogo. Hazikuwa ndogo. Feruzi ilikuwa ileile, na ile lulu moja bado imekosekana.

"Zinaenda leo," akasema. "Kuna msichana anaolewa Jumamosi, anazifuata saa tisa. Halafu katibu atakaa nazo. Wewe siwezi kukupa, nimeshawapa."

"Najua."

Akazishika kwenye kiganja, akangoja. Na mimi nikajua anangoja nini, na shingo yangu ikawa ngumu kama ya ng'ombe. Ndani ya kitambaa nilikuwa na matundu. Yalipona baada ya harusi, na sikuyaacha yazibe, nilikuwa napitisha uzi kila wiki, miaka saba, hata Baba Njoki hajui, na Jumatano nasimama kushuhudia. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa neno moja.

"Fundi," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. "Naomba nivae."

"Ni hayo tu?" akasema. "Toa kitambaa."

Alizipangusa na upindo wa leso, maana spiriti haikuwepo. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka sasa, ilibidi nimwinamie, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilikuwa chini yake. Zilikuwa nzito kuliko nilivyofikiria, na baridi, halafu zikapata joto. Binti yake akaacha kufua akaleta simu, akaigeuza nijione. Nilijiona. Mwanamke mzee, shingo ndefu yenye mikunjo, maua mawili.

Nikamwangalia Fundi haraka. Nitakwambia ukweli, nilikuwa natafuta kitu machoni pake. Nilitaka aumwe kidogo tu. Nilitaka aone zinavyonikaa kuliko zilivyomkaa yeye, na imchome, hata kwa dakika moja.

"Zinakukaa," akasema. "Hiyo shingo. Nilikuwa nikiona hiyo shingo ng'ambo ya barabara, nasema huyu mama hataniomba mpaka lini."

Na hakukuwa na kitu kingine machoni. Nilitafuta vizuri. Hata hapo, nikiwa nazo masikioni, nilimwonea wivu, kwa sababu aliweza kusema hivyo na kupumua.

"Kaa nazo mpaka umalize chai," akaniambia.

Nikachukua kikombe. Nilikunywa polepole, kama mtu aliyeungua ulimi. Kilipofika chini nikamimina cha pili mwenyewe, bila kukaribishwa. Fundi alikuwa anarudisha vifungo koponi, kimoja kimoja, vyeusi kwanza. Katikati ya cha tatu lango likagongwa, akaingia yule bibi harusi, msichana mwembamba wa Murera amebeba gauni kwenye mfuko, akasalimia wazee vizuri, akaonyeshwa stuli. Alikaa. Akaniangalia masikio, akaangalia chini, akaniangalia tena masikio. Niliyajua hayo macho. Yalikuwa yangu, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni.

Sikugeuza kichwa. Nilikaa wima ili aone pande zote mbili.

Msichana akaangalia saa kwenye simu. Akakohoa kidogo, kwa adabu. Kikombe changu kilikuwa kimebaki na majani ya chai tu, na wote watatu tulikuwa tunakiona.

Fundi akafunga kopo. "Wewe," akamwita binti yake, "chai ya Mama Njoki imeisha. Mwongeze. Bado hajamaliza."